Viwavi wa Bengamisa: mkulima amjue adui yake kabla ya kupiga dawa

Mkulima wa lenga-lenga anapokuta kiwavi amekwama juu ya jani, amebeba mgongoni punje nyeupe ndogo kama za mchele, mara nyingi jambo la kwanza analofanya ni kumponda. Anaamini kwamba punje hizo ni mayai, na kwamba kila yai litaleta kiwavi mwingine. Kama ana pompi, anachanganya dawa na kupulizia tuta zima. Katika bustani za Bengamisa, wilaya ya Banalia, kilometa 50 hivi kutoka Kisangani kwenye barabara ya Buta, kosa hilo ni rahisi kufanyika, kama ilivyo rahisi Beni, Bunia au Uvira. Na linamgharimu mkulima mara mbili: anapoteza pesa ya dawa, tena anawaua wadudu waliokuwa wanamfanyia kazi bila malipo.

Punje zile si mayai ya kiwavi. Kiwavi hatagi. Anayetaga ni kipepeo, au nondo yule kipepeo wa usiku, baada ya kiwavi kukomaa na kugeuka. Punje nyeupe au za manjano zinazoonekana mgongoni mwa kiwavi, au zimerundikana kando yake, ni vifuko vya uzi laini. Ndani ya kila kifuko mna nyigu mdogo sana anayekaribia kutoka.

Nyigu huyo si yule mkubwa anayejenga kiota chini ya paa na kuchoma watoto. Wengi wao ni wadogo kuliko sisimizi na hawamsumbui mtu. Jike humtafuta kiwavi kati ya majani, humchoma kwa mrija wake mwembamba na kumtia mayai ndani ya mwili. Mayai yanaanguliwa, na funza wake wanakula kiwavi kutoka ndani. Wakishiba wanatoboa ngozi, wanatoka nje na kufuma vile vifuko. Siku chache baadaye nyigu wapya wanaruka kwenda kutafuta viwavi wengine. Kiwavi aliyeingiliwa hivyo hatageuka kuwa nondo wala hatataga. Anayemponda akiwa na vifuko vyake hamwondoi adui, kwa sababu adui amekwisha kufa au yuko karibu kufa. Anaondoa kizazi kizima cha nyigu ambao wangeilinda bustani wiki inayofuata.

Hoja hapa ni nyepesi. Tshopo ina vyuo, ina watafiti na ina vijana wanaosomea kilimo Bengamisa kwenyewe. Kabla ya kumshauri mkulima anunue dawa gani, wanapaswa kumfundisha kutofautisha kiwavi na kiwavi, na kutofautisha kiwavi mzima na kiwavi ambaye nyigu amekwisha kumshughulikia. Ni elimu isiyohitaji mashine wala mkopo. Inahitaji macho, chupa tupu na maneno ambayo mkulima anayaelewa.

Hakuna anayeweza kusema kwamba watu wa Tshopo hawajui viwavi. Msimu wa mbinzo unapofika, masoko ya Kisangani yanajaa mabeseni yao, wabichi na waliokaushwa. Wamama wanaowauza wanajua yupi anatoka mti gani, yupi ana mafuta mengi, yupi anatolewa miiba kwanza kwa moto, na yupi haliwi kabisa. Wanajua kwamba mbinzo fulani hushuka kutoka ule mti mkubwa ambao wafanyabiashara wa mbao wanauita sapelli, na kwamba mti ukikatwa na mbinzo wake wanakwisha. Huo ni ujuzi wa kutambua wadudu, hata kama hauandikwi kwenye vitabu vya Kilatini. Shirika la Umoja wa Mataifa la Chakula na Kilimo, FAO, liliandika mwaka 2013 kwamba familia moja ya Kinshasa hula wastani wa gramu 300 za viwavi kwa wiki. Nchi inayokula viwavi kiasi hicho haiwezi kudai kwamba kuwatambua ni jambo gumu.

Tatizo ni kwamba ujuzi huo unaishia msituni. Mbinzo ana jina lake, ana mti wake na ana bei yake. Kiwavi wa bustani hana jina. Wote wanaitwa wadudu, na dawa yao ni moja.

Lakini hawafanani, na kazi ya kuwatambua inaweza kuanza na wachache tu. Kwenye kabichi kuna kiwavi mdogo wa kijani, mwembamba huku na huku, ambaye akiguswa hujinyonganyonga na kushuka kwa uzi. Huyo ni Plutella xylostella. Kwenye lenga-lenga kuna kiwavi wa kijani anayekunja jani na kulifunga kwa utando, anakula akiwa amejificha ndani, mpaka jani linabaki kama chandarua. Kwenye nyanya kuna yule anayetoboa tunda na kuingiza kichwa ndani, mwili ukibaki nje. Kwenye matembele kuna kiwavi mnene, mkubwa kama kidole, mwenye pembe moja mkiani. Huyo wa mwisho anatisha kwa macho, lakini akiwa peke yake anatolewa kwa mkono na kazi imekwisha.

Kwenye mahindi kuna mgeni aliyeitikisa Afrika nzima, kiwavijeshi vamizi, Spodoptera frugiperda. Asili yake ni bara la Amerika. Alionekana mara ya kwanza Afrika Magharibi mwaka 2016, na ndani ya miaka 2 hivi alikuwa amefika karibu nchi zote za kusini mwa Sahara, Kongo ikiwemo. Kumtambua kunahitaji kuangalia sehemu 2 tu. Usoni ana mstari mweupe wenye umbo la herufi Y iliyopinduliwa. Karibu na mkia, juu ya mgongo, ana madoa 4 meusi yaliyojipanga kama pembe za mraba. Mavi yake yanajaa katikati ya mmea, kwenye majani machanga, kama unga wa mbao.

Baada ya kujua ni kiwavi gani, swali la pili ndilo linaloamua kama dawa inahitajika: je, ni mzima au ameingiliwa? Dalili zipo. Kiwavi mzima anakula, anatembea, na akiguswa anajibu. Aliyeingiliwa anapunguza kula, anakuwa mzito, na rangi yake inabadilika. Wengine wanakauka na kuwa wagumu juu ya jani kama ganda tupu. Wengine wana vifuko vya uzi mgongoni au kando. Hata mayai yanatoa habari: fungu la mayai ya nondo ambalo limegeuka jeusi huku mayai mengine ya aina hiyo ni meupe, mara nyingi limekwisha kuingiliwa na nyigu wadogo zaidi, wasiofika hata milimeta moja.

Kwa asiyeamini, kuna jaribio ambalo mtoto wa shule ya msingi anaweza kulifanya. Mtu anakusanya viwavi 10 kutoka bustanini bila kuchagua. Anawaweka katika chupa zenye mdomo mpana, kila mmoja na jani la mmea aliokutwa juu yake, anafunika kwa kitambaa chembamba kinachopitisha hewa, na kubadilisha jani kila siku. Anaandika tarehe. Baada ya wiki 1 hadi 3, kila chupa itatoa jibu lake: nondo, nyigu, nzi, au kiwavi aliyekufa tu. Kama katika 10 wametoka nyigu kwa 4 au 5, mkulima anajua kwamba bustani yake ina walinzi, na kwamba kupiga dawa wiki hiyo ni kujidhuru. Kama wametoka nondo watupu, anajua kwamba lazima aingilie kati mwenyewe.

Wapo watakaosema kwamba hizi ni hadithi za wasomi. Historia ya sahani ya Mkongomani inasema vingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, mdudu mweupe kama unga, Phenacoccus manihoti, alionekana kwenye mihogo ya nchi zote 2 za Kongo, Kinshasa na Brazzaville. Hakuwa kiwavi, bali mdudu mdogo anayefyonza utomvu, lakini aliiharibu mihogo na kuyakunja majani yake, na majani hayo ndiyo sombe. Kutoka hapo alienea katika nchi nyingi za Afrika, na kumpiga dawa katika kila shamba la mihogo la kila kijiji halikuwa jambo linalowezekana.

Aliyemshinda alikuwa nyigu. Mwaka 1981 watafiti walimpata nchini Paraguay nyigu mdogo, Anagyrus lopezi, anayemwingilia mdudu huyo huyo. Wakiongozwa na Mswisi Hans Herren wa kituo cha utafiti cha IITA kilichoko Ibadan, Nigeria, walimzalisha kwa wingi na kumwachilia mashambani, kisha akasambazwa na kuenea katika nchi zipatazo 30, Kongo ikiwa mojawapo, wakati huo ikiitwa Zaire. Mwaka 1995 Herren alipewa Tuzo ya Chakula Duniani. Wakongomani wengi waliozaliwa baada ya hapo wamekula sombe maisha yao yote bila kujua kwamba wanadaiwa shukrani na nyigu asiyeonekana vizuri kwa macho.

Majirani nao wamefanya kazi hiyo. Nchini Kenya, kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe kilimwachilia mwaka 1993 nyigu Cotesia flavipes, aliyetolewa Pakistan, ili kupambana na kiwavi anayetoboa shina la mahindi. Mwaka 2002 kilimwachilia nyigu mwingine, Diadegma semiclausum, kwa ajili ya kiwavi wa kabichi. Mwaka 2017 watafiti walitangaza aina mpya kabisa ya nyigu waliyempata Kenya kwenye viwavi wa lenga-lenga, wakampa jina la Cotesia icipe. Mwaka uliofuata, watafiti walioangalia mahindi ya Ethiopia walimkuta nyigu huyo huyo wa Kiafrika amekwisha kumgeukia kiwavijeshi mgeni. Hakuna aliyemtuma. Alikuwepo mashambani, akaona windo jipya, akaanza kazi.

Mifano hiyo ina funzo ambalo Tshopo isilipuuze. Nyigu wa kabichi aliyefanya kazi nzuri kwenye milima ya Kenya hupenda baridi. Anaweza kufaa Lubero au Masisi, lakini Bengamisa ni nchi ya joto na mvua karibu na ikweta, na sehemu kama hizo jamii nyingine ya nyigu ndiyo inayofaa zaidi. Kwa hiyo haitoshi kunakili karatasi ya Nairobi. Lazima mtu aangalie viwavi wa Bengamisa, katika bustani za Bengamisa, na aandike nani anatoka ndani yao. Kazi hiyo haiwezi kufanywa na mtu aliyeko mbali.

Kinyume cha kuangalia ni kupiga dawa bila kujua, na hasara yake imekwisha kujulikana duniani. Kiwavi wa kabichi ndiye mfano mkubwa. Mwaka 1953, katika kisiwa cha Java nchini Indonesia, iligunduliwa kwamba DDT haimuui tena. Tangu hapo amezoea dawa moja baada ya nyingine. Sababu si ngumu kuelewa. Dawa inaua viwavi dhaifu na kuacha sugu, na sugu ndio wanaozaa. Nyigu, ambaye anazunguka mchana kutwa juu ya majani yaliyolowa dawa, anakufa mapema. Kwa hiyo baada ya wiki chache kiwavi anarudi, safari hii bila mlinzi, na mkulima anaongeza kipimo.

Hapo ndipo jambo linapotoka bustanini na kuingia jikoni. Lenga-lenga inavunwa wiki 3 hadi 4 baada ya kupandwa, na mama anayehitaji pesa ya shule hawezi kungoja siku nyingi baada ya kupulizia. Dawa inayonunuliwa sokoni kwa kipimo kidogo, imehamishwa kwenye chupa ya maji au ya soda, haina maandishi ya kumwambia ni sumu gani, ichanganywe na maji kiasi gani, na mboga ziliwe baada ya siku ngapi. Chupa hiyo hiyo inabaki nyumbani, mahali ambapo watoto wanaifikia. Anayekula mboga hiyo Kisangani hana njia ya kujua.

Wakulima nao wana jibu, na ni jibu la haki. Anayeona mahindi yake yanatobolewa leo hawezi kuambiwa angoje wiki 3 kwa ajili ya chupa. Nyigu hamzuii kiwavi siku ile ile. Majani kadhaa yataliwa kabla hajamaliza kazi. Tena kuna misimu ambayo viwavi wanaongezeka haraka kuliko nyigu, na mkulima anaweza kupoteza vyote. Hilo ni kweli, na asiyekubali hilo hajawahi kulima kwa ajili ya kula.

Lakini kati ya kupiga dawa na kukaa bure kuna mengi ya kufanya. Bustani ya lenga-lenga au kabichi ya matuta machache inaweza kupitiwa kwa mkono asubuhi: viwavi wazima wanapondwa, wenye vifuko wanaachwa. Mafungu ya mayai ya kiwavijeshi yanapondwa kwa vidole kabla hayajaanguliwa, isipokuwa yaliyogeuka meusi. Wakulima wa nchi nyingi za Afrika wanatia majivu au udongo mkavu katikati ya mmea wa mahindi. Maua machache yaliyoachwa kandokando ya bustani yanampa nyigu mkubwa chakula, maana yeye hali kiwavi, hunywa utamu wa maua. Na kama lazima dawa itumike, inapigwa pale tu viwavi wazima walipo, si tuta zima.

Tena hofu mara nyingi ni kubwa kuliko hasara. Watafiti waliopima mashamba ya mahindi ya wakulima wadogo mashariki mwa Zimbabwe walichapisha mwaka 2019 kwamba kiwavijeshi alikuwa amepunguza mavuno kwa asilimia 12 hivi, wakati makadirio ya awali yaliyotangazwa barani yalikuwa makubwa zaidi. Mmea wa mahindi uliotobolewa majani ukiwa mchanga unaweza kupona na kuzaa. Asilimia 12 ni hasara, lakini si sababu ya kumwaga sumu kila wiki.

Nani afanye kazi ya kuonyesha haya? Jibu liko karibu sana. Bengamisa ni makao ya Taasisi ya Juu ya Masomo ya Kilimo, ISEA. Yangambi, chini kidogo ya mto, ina kituo cha utafiti wa kilimo kilichoanzishwa na Wabelgiji mwaka 1933, na ambacho leo ni cha INERA. Kisangani ina chuo kikuu, ina IFA, ina Kituo cha Uangalizi wa Bioanuwai. Ni vijiji vichache vya Kongo vilivyozungukwa na wasomi wa kilimo kiasi hicho. Na bado mkulima anayeishi karibu na chuo anapata ushauri wake wa wadudu kutoka kwa muuza dawa. Muuza dawa hana kosa kuuza. Kosa ni la waliomwachia ualimu.

Mambo 3 yanaweza kuanza bila kungoja wafadhili. Kwanza, kila mwanafunzi wa ISEA anayeandika kazi yake ya mwisho juu ya bustani aombwe kufuga viwavi katika chupa kwa msimu mmoja na kuandika walichotoa. Katika miaka michache Bengamisa itakuwa na orodha yake yenyewe: kiwavi gani, mmea gani, nyigu gani, mwezi gani.

Pili, orodha hiyo isibaki kwenye rafu kwa Kifaransa. Itolewe katika karatasi moja yenye picha, kwa Kiswahili, Lingala na lugha ya wenyeji, na wakulima wenyewe waombwe kuwapa majina viwavi wasio na majina. Wamama waliowapa mbinzo majina hawatashindwa. Redio za Kisangani zinaweza kuitangaza mwanzo wa kila msimu wa kupanda. Wenye simu wanayo pia programu ya Nuru, iliyotengenezwa na Chuo Kikuu cha Penn State cha Marekani pamoja na FAO. Inaongea Kiswahili na Kifaransa, na inasaidia kutambua uharibifu wa kiwavijeshi kwenye mahindi hata pasipo intaneti. Lakini simu haimalizi kazi. Vifuko vya nyigu vinatafutwa kwa kugeuza majani, mkulima mwenyewe akiwa ameinama.

Tatu, agronomu wa sekta na viongozi wa jimbo waweke sharti dogo: msaada wowote wa dawa na pompi unaopelekwa kwa vyama vya wakulima uende pamoja na siku moja ya kutembea bustanini. Shirika linaloleta pompi 50 bila kumwonyesha hata mtu mmoja kifuko cha nyigu linaleta nusu ya msaada, na pengine nusu mbaya.

Kuna jambo la mwisho ambalo watu wa barabara ya Buta wataelewa kuliko wote. Bustani za Bengamisa zinapakana na vichaka na msitu, na msitu ule ndio unaotoa mbinzo. Sumu haichagui kati ya kiwavi wa kabichi na kiwavi wa kuuza sokoni, na upepo unaibeba mpaka kwenye miti iliyo kando ya shamba. Anayejifunza kutazama kabla ya kupiga dawa anailinda mboga ya mwezi huu, na hapo hapo anailinda beseni ya mbinzo ya msimu ujao. Msimu mpya wa lenga-lenga ukianza, chupa 10 zinatosha kuanzia.